Vichupa Vitatu Visivyo na Mgonjwa

Siku niliyokabidhi funguo za kabati la dawa nilihesabu kila kitu mara mbili, kama ilivyo desturi yangu. Muuguzi aliyekuwa ananipokea alihesabu mara moja, akaitazama kompyuta, akakohoa kidogo.

"Mama, mfumo unasema kuna vichupa vitatu vya sindano ya malaria kali vimepotea. Tangu mwaka jana."

"Havijapotea," nikamwambia.

"Sasa viko wapi?"

Nikamwambia avute kiti, maana jibu lake ni refu kuliko fomu ya makabidhiano, na pale kwenye "Maelezo" wameweka mistari miwili tu. Hakuvuta kiti. Benchi lilikuwa limejaa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kwamba benchi likijaa hatukai. Basi nimeliandika jibu hilo hapa, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaoanza kazi hii mkidhani kwamba kazi yenyewe ni kuandika.

Vyeo vyangu sitavitaja. Vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara nao tuuache ulale.

Mimi ni mtoto wa Tunduma. Mama yangu aliuza vitenge mpakani miaka ile ambayo sabuni ilivuka kwa kujificha zaidi kuliko mtu mwenye deni. Alinifundisha mambo mawili. La kwanza, bei ya kwanza haikubaliwi, hata kama ni nzuri. La pili, hesabu mara mbili, na mara ya pili anzia mwisho urudi mwanzo, kwa sababu jicho likipita njia ileile hukosea palepale. Chuo cha uuguzi kilinifundisha mengine yote, lakini hayo mawili sikuyakuta huko.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, zahanati moja upande wa Iyula, katikati ya kahawa na mahindi. Tulikuwa wawili tu: mimi na Bwana Sichone, mganga msaidizi, Mnamwanga mwembamba aliyefunga kalamu yake kwa uzi kwenye kifungo cha koti. Kalamu ikipotea miaka ile hukupata nyingine. Siku yangu ya kwanza nilifika mapema, nikafuta meza, nikafungua rejista, nikapiga mstari kwa rula, nikaita, "Wa kwanza!"

Bwana Sichone akaja akaifunga rejista ile taratibu.

"Sista Nanyinza, wa kwanza ni nani?"

"Yule bibi aliyekaa mwanzo wa benchi."

"Huyo ni wa kwanza kuamka. Wa kwanza kuumwa ni nani?"

Sikujua. Akanichukua tukapita benchi zima, kila mgonjwa akiguswa paji la uso, akifunuliwa kope, akitazamwa mbavu zinavyopanda na kushuka. Mtu wa kumi na moja alikuwa mtoto mchanga aliyekuwa ananung'unika kila anapotoa pumzi. Mama yake alikuwa amemfunika vizuri na kunyamaza, kwa sababu aliyefika wa kumi na moja hajitangulizi. Watu wetu wana adabu hiyo, na adabu hiyo inaua. Tulianza na huyo mtoto. Rejista niliifungua saa nne.

"Kitabu hakina homa," alisema Bwana Sichone. "Kitabu hakitapiki. Kitakusubiri."

Hiyo ndiyo tuliyoiita kupita benchi. Nimeifanya kila asubuhi ya kazi mpaka ya mwisho, na nimegombana na watu wazito kwa sababu yake.

Karatasi zilikuwa shida. Tuliandika maelezo ya wagonjwa nyuma ya kalenda za zamani, kwenye maboksi ya dawa, na mara moja kwenye jani la mgomba, ingawa hilo Bwana Sichone alilikataa kwa sababu mbuzi angekula historia ya mgonjwa. Baadaye maduka yalipofunguka na bidhaa zikaanza kuingia, yakaja madaftari ya shule. Ndipo ikaanza ile desturi mnayoijua: mgonjwa anakuja na daftari lake, unaandika humo anaumwa nini na umempa nini, anaondoka nalo. Wageni wanaotutembelea huona ni umaskini. Mimi nauliza: benki gani nyingine inamwachia mwenye mali atembee na mali yake?

Sasa niseme kosa langu, kabla hamjanichoka na sifa.

Kila mwisho wa mwezi tulipeleka ripoti: watoto wangapi wapya, chanjo ngapi, magonjwa gani. Mwezi mmoja wa mavuno ya kahawa Bwana Sichone alikuwa na msiba kwao, nikabaki peke yangu. Wagonjwa wengi, usingizi kidogo. Nikafanya walichokifanya wenzangu kila mahali, jambo ambalo hatukulionea aibu hata kidogo: nikanakili ripoti ya mwezi uliopita, nikabadilisha tarakimu mbili tatu isifanane sana. Tunaita kupika. Nilipika vizuri, hakuna aliyeuliza.

Lakini mwezi ule familia nyingi zilikuwa zimehamia kuchuma kahawa, na watoto wao sikuwaandika. Chanjo ya surua ikaja kwa hesabu yangu ya jikoni. Iliisha kabla ya saa sita mchana. Mama mmoja aliyetembea tangu alfajiri na mwanawe Tumaini mgongoni nilimwambia arudi mwezi ujao. Alirudi kabla ya mwezi, Tumaini ana surua. Tulimpigania, akapona, ila jicho lake la kushoto lilikufa.

Bwana Sichone hakunifokea. Aliitazama nakala ya ripoti, kisha akamtazama yule mtoto.

"Ukipika namba, Sista, lazima kuna mtu atakula. Huyu ndiye aliyekula."

Tumaini ni mtu mzima sasa. Nilikutana naye miaka ya nyuma Vwawa, anauza vipuri vya baiskeli. Alinisalimia kwa heshima zote, shikamoo mama, akanikazia jicho lile moja. Hajui. Mimi najua. Tangu siku ya surua ile sijaandika tena mgonjwa ambaye sikumwona, wala sijamwacha niliyemwona bila kumwandika mahali fulani.

Miaka ya tisini nikahamishiwa kituo cha afya njia ya kushuka kwenda bondeni Momba. Jina lake nalihifadhi. Walio hai wana watoto wanaosoma. Huko ndiko nilikokutana na vitabu. Vilikuja kwa gari, vikubwa kama milango, vyenye namba mgongoni. Nikavipokea kwa furaha, kwa kuwa mtu aliyeandika kwenye maboksi hadharau kitabu. Kisha kila mradi ukaja na kitabu chake. Ukaja wa wajawazito, ukaja wa chandarua, ukaja wa kupima virusi, ukaja wa kifua kikuu. Hakuna mradi uliokuja na mikono ya kuandika.

Siku moja nilihesabu. Mjamzito mmoja anayekuja mara ya kwanza, jina lake nililiandika mara nane: kadi yake, rejista, daftari, karatasi ya maabara, rejista ya upimaji, hati ya chandarua, leja ya dawa, na karatasi ya kujumlisha. Nikahesabu kuanzia mwisho. Nane. Kumpima tumbo kulichukua muda mfupi kuliko kuandika kwamba nimempima tumbo.

Msimamizi alipokuja kukagua, nikamkalisha kama mteja wa kitenge.

"Mzee, hivi vitabu vinane, bei ya mwisho ngapi?"

"Bei gani, Sista?"

"Nipunguzie. Niondolee vinne."

Akacheka. "Hivi vimetoka juu."

"Kila kitu kimetoka juu, hata mvua, lakini tunajenga paa. Basi viwili."

"Sista, hata kimoja siwezi."

"Basi tufanye hivi. Nitajaza vyote vinane, ila baada ya benchi kuisha. Ukinikuta saa tatu asubuhi vitabu vitupu, usiandike kwamba sijafanya kazi. Andika kwamba nafanya."

Alifikiri. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na njaa. "Hilo nalikubali," akasema, "ila usimwambie mtu." Nimetunza siri hiyo mpaka leo.

Pale kwetu kuna jambo lingine ambalo waliotunga vitabu hawakulijua. Mtu wa mpakani ana majina mawili, na hadanganyi. Alikuwepo mama mmoja mfanyabiashara: akiwa Nakonde ni Mary Mulenga, akivuka kwetu ni Mariamu, mama wa fulani. Aliingia akiita "Shani mukwai!", hujambo kwa heshima ya Kibemba, na kutoka akisema "asante shangazi". Kwenye rejista za nchi mbili alikuwa wanawake wawili wenye sukari. Kwenye daftari lake, lenye mwandiko wa manesi wa pande zote mbili, alikuwa mmoja. Ukitaka kujua jana alipewa dawa gani, huombi kibali cha serikali mbili. Unaomba daftari.

Kisha ikaja kompyuta.

Msinielewe vibaya. Sikuiogopa. Nilifundishwa kwa siku tatu na karani wetu wa takwimu, Lusekelo, baba wa watoto wawili, mpole, kidole chake kimoja kikiwa na kasi kuliko vyangu kumi. Niliipenda ile namna ya kutafuta jina likaja lenyewe. Nilidhani ile mashine imekuja kuvifukuza vile vitabu vinane. Kumbe imekuja kuwa cha tisa, na baada ya miezi michache ikawa bwana wa vyote. Yakatoka maagizo ya kituo chetu: vitabu vifungiwe stoo, mgonjwa asiguswe kabla hajasajiliwa, huduma isiyo kwenye mfumo haijafanyika, na wahudumu waache kuandika kwenye madaftari, kwa sababu tunaandika mara mbili bure.

Hilo la mwisho lilinichekesha. Nimeandika mara nane miaka ishirini, leo mara mbili imekuwa dhambi.

Mfumo ulitaka jina, jina la ukoo, kijiji, balozi wa nyumba kumi, na tarehe ya kuzaliwa. Bila tarehe haufungui ukurasa. Wafugaji wa bondeni wanajua mtoto alizaliwa mvua gani na ng'ombe gani alizaa wiki ile, tarehe hawana. Lusekelo akawa anawapa wote tarehe moja Januari ili ukurasa ufunguke. Kwa mujibu wa kompyuta yetu, bonde zima lilizaliwa Mwaka Mpya.

Asubuhi ninayoisema, mtandao ulikuwa umekatika siku ya pili. Wagonjwa walikuwa wamekaa wanasubiri mashine ipone. Nikapita benchi, kama kawaida. Mwishoni kabisa, karibu na mlango, alikaa mama Msukuma mwenye shuka jeusi na msichana wa kama miaka miwili mapajani. Mtoto alikuwa amelegea, macho yamepanda juu, na mkono mmoja unaruka wenyewe.

"Mayu," nikamwita, yaani mama kwa Kisukuma, "ameanza lini degedege?"

"Njiani, sista. Tumetembea tangu jana."

"Mbona hukuniita?"

"Wamesema mashine inaumwa."

Nikamnyakua mtoto. Lusekelo akasimama mlangoni, si kwa ubaya, akasema, "Mama, hajasajiliwa." Nikamwambia, "Basi sajili huku unanipisha." Akanipisha, na kwa hilo namheshimu. Nilisimamisha degedege, nikampa maji ya sukari, nikampima damu, malaria imejaa, nikamchoma kichupa cha kwanza. Cha pili jioni. Cha tatu asubuhi iliyofuata. Jina lake Limi. Siku ya pili alikaa, akataka uji, akamng'ata msaidizi wa wodi. Nikajua amepona.

Niliandika kila kitu mara mbili. Mara ya kwanza kwenye karatasi, nikampa Lusekelo aiingize mtandao ukirudi. Mara ya pili kwenye daftari la Limi, lenye jalada la bluu, kinyume cha maagizo: saa, kipimo, vichupa vitatu, na namba ya toleo iliyo kwenye boksi la dawa. Mama Limi akalifunga kwenye mfuko wa nailoni, akapewa dawa ya mseto ya kumalizia nyumbani, akaondoka kufuata ng'ombe.

Mtandao uliporudi, ile karatasi ilikuwa haina tarehe ya kuzaliwa wala balozi. Lusekelo alikuwa na rundo la karatasi za siku mbili. Zile zisizokamilika ziliwekwa pembeni, na pembeni pale mfagiaji akazifagia. Hakuna aliyekusudia lolote. Ila hesabu ya mwezi ilipofungwa, kabati lilikuwa limetoa vichupa vitatu na mfumo hauna mgonjwa.

Ninyi mnaijua Tunduma. Dawa ikipotea karibu na mpaka, hakuna anayeuliza imepotea wapi. Wanauliza imeuzwa na nani. Nikapewa barua ya kujieleza ndani ya siku saba. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja na miezi michache kustaafu, na kwa miaka yote hiyo jina langu lilikuwa halijawahi kutajwa pamoja na neno wizi. Wapo waliokuwa wanasalimia kwa furaha ambao wiki ile walikuwa na haraka.

Mganga mfawidhi wetu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya naye. Alifunga mlango.

"Mama Nanyinza, mimi najua hukuiba. Tumalize hili kistaarabu. Ingiza jina lolote. Amina Juma, Tunduma, tarehe moja Januari. Malaria kali, vichupa vitatu. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Huyo Amina anaumwa?"

"Hayupo, mama."

"Basi asichomwe sindano."

"Mama, unataka kustaafu na barua ya wizi?"

Ninakiri kwamba nililitazama lile jina hewani kama mtu anayetazama ngazi akiwa shimoni. Dakika mbili tu, na ningelala usingizi. Lakini nilikuwa nimeshawahi kupanda ngazi hiyo, na Tumaini ndiye aliyelipa kwa jicho.

"Mgonjwa wangu ana jina," nikamwambia. "Anaitwa Limi. Nitakuletea."

"Utampata wapi? Hao wanahama."

"Wanahama, lakini ng'ombe huuzwa mnadani."

Siku ya mnada nikashuka bondeni kwa gari la mizigo, mgongo wangu unanikumbusha umri wangu kila shimo. Nikapita kati ya ng'ombe nikiuliza Mama Limi kama mtu anayeulizia ukoo wake. Nikampata karibu na walipofungwa madume, na Limi yuko mgongoni, anatafuna muwa.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimia kwa lugha yake.

"Mwangaluka, sista! Umekuja kununua ng'ombe?"

"Nimekuja kuomba daftari la mtoto. Lipo?"

Lilikuwepo, kwenye mfuko uleule wa nailoni. Mtu anayehama haachi nyuma kitu muhimu. Nikalifungua. Kurasa za nyuma mumewe alikuwa amejaza hesabu za ndama, lakini ukurasa wangu ulikuwa safi, mwandiko wangu, saa zangu, namba ya toleo. Nilitaka kulia, nikaona kuna watu.

"Niazime siku tatu, nitalirudisha."

"Hapana."

"Siku moja."

"Sista, mtoto akiumwa kesho nitamwambia daktari nini? Kwamba daftari lake limeenda kutembea?"

"Nikupe jipya, kubwa kuliko hili, la jalada gumu."

"Jipya halijui kitu."

Mama yangu angempenda mwanamke yule. Nimefanya biashara ya maneno na Wazambia, na madereva wa malori, na wasimamizi wenye njaa. Sijawahi kushindwa wazi namna hiyo. Nikamweleza yote: barua, vichupa, kwamba wanasema nimeuza dawa ya mwanawe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema bei yake.

"Daftari haliendi bila mtoto. Mtoto haendi bila mimi. Na mimi siendi mpaka baba yake auze lile dume jekundu."

Dume jekundu lilikuwa na bei ya kichaa. Nilikaa juani mpaka alasiri, nikamsaidia Baba Limi kulipigia debe. Likauzika.

Kikao kilikuwa cha watu watatu: mfawidhi, afisa kutoka halmashauri, na Lusekelo kwenye kompyuta. Afisa alianza kwa methali. "Sista, mali bila daftari hupotea bila habari."

"Kweli kabisa, mheshimiwa. Ndiyo maana nimekuja na daftari. Na habari yenyewe imekuja kwa miguu."

Mama Limi akaingia, akaketi, akaweka daftari mezani na kiganja chake juu yake. Limi akaingia chini ya meza. Afisa alisoma ukurasa huku kiganja kile kikisogea kidogo kumpisha. Akaomba boksi la dawa, akalinganisha namba ya toleo. Ikalingana. Akahesabu vichupa kwenye ukurasa: kimoja, viwili, vitatu. Nikamwomba ahesabu tena kuanzia mwisho. Akahesabu.

"Sawa," akasema. "Mama, tuachie daftari hili, liwe kielelezo kwenye faili."

"Siachi."

"Ni la muda tu."

"Una hiyo televisheni yako hapo mezani, bado unataka na kadaftari ka mtoto?"

Akatoa simu apige picha. Mama Limi akalifunga daftari, kwa sababu hakumjua mtu yule wala simu yake ilikolala. Mashine ya kutoa nakala ilihitaji umeme, na umeme ulikuwa umekwenda zake. Ikabidi afisa anakili ukurasa mzima kwa mkono, neno kwa neno, mfawidhi akimsomea. Nilitazama saa ya ukutani.

"Dakika kumi na saba, mheshimiwa," nikasema alipomaliza, anakunja na kukunjua vidole.

"Nini?"

"Ukurasa mmoja, mtoto mmoja, umekaa kwenye kiti, hakuna anayetapika mbele yako. Mimi niliandika jina la mwanamke mmoja mara nane, benchi limejaa. Huyu mtoto mngenitaka nimsajili kwanza."

Alikuwa anasugua kiganja.

Ikabaki kumwingiza Limi kwenye mfumo, betri ya kompyuta ikiwa bado na uhai. "Amezaliwa lini?" akauliza Lusekelo.

"Mvua zimeanza," akasema Mama Limi, "mto ukatukatia ng'ombe upande wa pili."

Afisa akasema weka tarehe moja Januari. Ukurasa ukafunguka. Lakini mfumo ukakataa kurudi nyuma; mwezi ule ulishafungwa. Ulikubali mgonjwa wa leo tu.

"Basi mwandike leo," akasema mfawidhi, na sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu anayeona mlango. "Malaria kali, leo, vichupa vitatu. Mama unaweka sahihi, yameisha."

Chini ya meza Limi alikuwa anapiga mguu wa afisa kwa kipande cha muwa.

"Huyu anaumwa?" nikauliza.

"Mama, tafadhali..."

"Leo haumwi. Mkimwandika leo, mmetengeneza malaria ambayo haipo, na ile iliyotaka kumuua mmeifuta. Mwakani mtaleta dawa kwa hesabu hiyo. Siweki sahihi."

Kisha afisa, na nampa haki yake, akafunga kalamu. "Andikeni kwenye faili kwamba vichupa vimetumika kihalali na Sista hana kosa. Kwenye mfumo viache kama vilivyo."

"Vitaonekana vimepotea," akasema Lusekelo.

"Vionekane."

Mlango wa ofisi ulikuwa bado wazi, nami sijawahi kutoka kwenye biashara bila nyongeza. Nikaomba mambo matano. Nikapewa mawili: kwamba mtu wa degedege, wa kutokwa damu, na wa uchungu wa uzazi aguswe kwanza, mashine ifuate, na kwamba rejista moja itolewe stoo ikae mezani kwa siku ambazo mtandao unaumwa. La madaftari walikataa kuliandika. Lakini kuanzia hapo hakuna aliyenikataza, na niliandika kwenye kila daftari lililokuja mbele yangu mpaka alasiri ya mwisho, kwa mwandiko mkubwa, ili anayefuata asome.

Kwa hiyo, wewe uliyepokea funguo zangu, na ninyi wengine, jazeni mashine hiyo. Ijazeni vizuri, wala msinitaje kama kisingizio cha uvivu. Lakini siku ikisema subiri na benchi likisema sasa, mnajua mikono yenu iende wapi. Na mtu akiwapa Amina Juma, mrudishieni.

Vichupa vitatu usiviandike kwamba vimepotea. Wiki kabla ya kustaafu nilishuka bondeni kumuaga Mama Limi na mwanawe. Niliviona kwa macho yangu, nikavihesabu mara mbili. Viko pamoja, viko pekupeku, vina fimbo ndefu kuliko vyenyewe, na vilikuwa vinafukuza ndama aliyeingia kwenye mtama wa watu.